Saa Nane ya Baba

Jumatatu, 5 Machi 2007
Bahasha nene kutoka kwa kamati ya Taasisi ya Ashcombe. Karatasi inang'aa kama menyu ya harusi. Ijumaa ya tarehe 16 wanafungua chumba cha kumbukumbu na kukipa jina la Dr Pelham. Nami nimealikwa, ati "as family". Family ya nani? Pelham alikuwa bosi wa baba. Baba alikuwa msaidizi wake wa maabara, mwaka 1951, zama za majaribio ya nyuklia. Miale ya humo ndani ilimuua kwa siku tisa. Mimi nilikuwa Unguja, mtoto wa miaka miwili. Sasa Pelham apewe chumba, mimi nipewe sandwichi ya tango. Asanteni sana!

Mna kijitabu pia. Nimekibana chini ya kopo la sukari. Leo sikisomi.

Jumanne, 6 Machi
Nimekisoma. Washenzi!

Ati msaidizi aliingia peke yake saa mbili asubuhi, Dr Pelham hajafika, akachomoa kabari ya mbao iliyotenganisha vipande viwili vya madini ya nyuklia. Vikagusana, vikafyatua miale. Na sababu yake? "Curiosity." Udadisi! Baba, ambaye mama alikuwa akisema hata sufuria ya jirani hafunui bila ruhusa! Wameandika na jina lake, Idd, kwa d moja. Hata hiyo ya pili imewashinda.

Tena mama alinihadithia mara mia: siku ile baba alishaswali adhuhuri. Asubuhi gani hiyo wanayoizungumza?

Maisara alikuwa akila cornflakes huku ananisikiliza nikifoka. Ni mjukuu wa dada yangu, naishi naye hapa ughaibuni, Balsall Heath. Akasema chill, Bibi, it's just a leaflet. Nimemnyang'anya maziwa.

Alhamisi, 8 Machi
Nimempigia katibu wa kamati, Bwana Kewal. Fundi mstaafu wa hukohuko Ashcombe, sauti ya upole, upole unaoudhi. Anasema daftari la getini lipo. Siku ile Pelham aliingia saa tatu na dakika tano asubuhi, hakutoka mpaka saa kumi na moja jioni. Basi ikiwa ajali ni saa mbili, baba alikuwa peke yake, kavunja amri. Ikiwa ni mchana, Pelham alikuwemo chumbani, na amri ya kuchomoa kabari ni yake.

Nikamuuliza, hiyo saa mbili mmeitoa wapi? Akasema iko hati, atanitumia kopi. Hati! Wazungu wakitaka kusema uongo huuandika kwanza, halafu wakauita hati. Nimemwambia hivyohivyo. Akasema yeye si Mzungu. Nikamwambia umekaa nao mno.

Jumamosi, 10 Machi
Sijui niandike vipi haya.

Asubuhi niliitoa barua ya baba, aliyomwandikia mama akiwa kitandani hospitali. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maisara kasoma madrasa miaka sita lakini Kiswahili cha herufi zile hakiwezi, kwa hiyo nikamsomea kwa sauti. "Kazini naingia saa mbili, natoka saa kumi na moja." Mtoto akanikatiza - so he started at two, Bibi? Afternoon shift?

Nilicheka mpaka nikakohoa. Huyu ndiye wa kwenda university! Saa mbili ni eight, mjinga wewe, saa zetu tunahesabu tangu jua kuchomoza. Nikaendelea: "Saa nane kabari ikatoka, mwanga wa buluu ukatanda chumba kizima, ulimi ukaniwasha."

Maisara akahesabu kwa vidole. Taratibu. So nane is two.

Nikaikunja barua, sikuimalizia.

Kwa sababu mwaka 1987 walikuja watu wa Ashcombe, wanaandika historia yao, wakaiomba barua. Niliwatafsiria mwenyewe kile kipande cha ajali tu, mezani papa hapa, wali uko jikoni, zamu ya kanteni inaningoja. Nane, eight. Neno kwa neno. Walinisifu Kiingereza changu, nami nikavimba kichwa wiki nzima!

Jumatatu, 12 Machi
Kopi ya Kewal imefika. "At eight o'clock the wedge came out." Mwandiko wangu, zile g zangu za mikia. Chini yake sahihi: Mrs S. Khalif. Jina la mume niliyemwacha mwaka 1990, na humu nyumbani halitajwi.

Miaka ishirini! Mwenyewe nimemchongea baba, nikakaa kuwatukana wengine. Najichukia. Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia Maisara asisikie.

Jumanne, 13 Machi
Nimempigia Kewal. Nimemwelezea saa za Kiswahili. Akasema jamani, basi Pelham alikuwemo! Nikamsikia anavuta kiti.

Lakini kamati ni wagumu, watasema familia inabuni maneno. Anataka mtafsiri mwenyewe aandike kwamba alikosea, atie sahihi. Kijitabu kinarudi kwa mchapaji Alhamisi saa sita mchana. Huyu Mrs Khalif, akauliza, unamfahamu?

Nimemwambia nitamtafuta.

Mungu wangu! Mwongo niliyemlaani wiki nzima ni mimi huyuhuyu.

Jumatano, 14 Machi
Fomu imefika kwa posta. Mistari minne na nafasi ya sahihi. Kewal kapiga mara mbili, sikupokea. Nikisaini, Ijumaa jina la baba linasafishwa mbele ya watu, na kila mtu atajua nani alilichafua. Nisiposaini, baba atabaki mdadisi mpaka Kiyama.

Wakati wa chakula Maisara kazikuta kopi na fomu chini ya magazeti. Who's Mrs Khalif? Nikamwambia, mpumbavu mmoja tu. Mvivu, mwenye majivuno, alijidai kujua Kiingereza.

Akasema, maskini, maybe alikuwa na haraka. Don't be so harsh, Bibi.

Nikapandwa na hasira. Haraka gani! Mtu mwenye akili zake anaweza kukosea saa aliyouliwa baba yake?

Maisara akaweka uma chini. Akaniangalia. Akaiangalia ile kopi, zile g.

Nimeingia chumbani na kujifungia. Naandika huku anagonga. Hagongi kwa nguvu. Anasema, Bibi, nimekuletea kalamu na ile fomu, fungua -