Azimio Nililompa Mama

Jumapili, 28 Desemba

Nyumbani kwetu hakuna anayejipangia azimio la mwaka mpya. Unapangiwa na mwenzako, na kukataa hakuna. Ni utaratibu wa Baba. Anasema mtu akijipangia mwenyewe hujionea huruma. Safari hii Baba amejitoa awe mwamuzi, kwa hiyo mimi na Mama tutapangiana.

Mwaka wenyewe umekuwa mzuri! Mama amemaliza masomo ya ukunga. Siku ya kuapishwa, Baba alilia kuliko sisi wote, kisha akasingizia vumbi la mbao — karakana iko nyumbani, tulikuwa ukumbini! Mimi nimepanda katika hisabati. Nilivunjika jino pia, lakini ilikuwa kwa kucheka, basi nalihesabu upande wa furaha.

Jambo moja tu linanikaa kooni. Zahanati mpya, mbali huko ng'ambo ya daraja, inamtaka Mama. Mabasi hayafiki huko, na kwa miguu ni mbali mno. Akikubali itabidi alale huko, tumwone mwisho wa wiki tu. Jibu linatakiwa Jumatatu, tarehe 5 Januari. Anaitaka sana kazi hiyo. Namjua kwa jinsi anavyoinyamazia.

Jumatano, 31 Desemba

Tumepeana! Mama amenipangia niache kuomba radhi kabla sijakosea. Nikasema samahani. Wamecheka mpaka Baba akashika meza.

Ikaja zamu yangu. Nimeliwaza jambo hili siku zote hizi.

"Mama, ujifunze kuendesha baiskeli."

 Baba kikombe hewani. Mama hajawahi kupanda hata ya watoto. Akasema mtoto huyu ana roho ngumu, mifupa yake imeshazoea kukaa pamoja, sasa nataka kuitawanya. Lakini kukataa hakuna!

Alhamisi, 1 Januari

Somo la kwanza. Baiskeli ni ya Baba, ile anayobebea mbao. Baba ameshika kiti kwa nyuma, mimi nakimbia pembeni, Mama amefumba macho. Kinyozi jirani yetu aliacha kichwa cha mteja nusunusu, akatoka nje kumwuliza Mama kama anaendesha au anasindikizwa. Mama akamjibu akamalize kwanza kichwa cha watu, maana mteja wake anafanana na shamba lililoingiliwa na mbuzi. Mteja akaomba kioo haraka.

Ijumaa, 2 Januari

Goti la Mama limechubuka. Chakula amekula amesimama. Kesho tena — amesema mwenyewe!

Jumamosi, 3 Januari

Naandika nikiwa kizingitini, daftari nimeliweka gotini. Mwandiko mbaya, samahani — hapana, sijakosea.

Asubuhi hii Baba aliachia kiti bila kumwambia. Mama akaenda! Peke yake! Mgongo umenyooka, kilemba kimekaa sawa, akapita duka la mkaa huku akipiga kengele kama mtu anayetangaza jambo. Niliruka mpaka viatu vikanivuka.

Kisha Baba akanigeukia, akaniuliza taratibu kama nilimfundisha breki.

Nilidhani Baba ndiye aliyemfundisha! Siku zote Baba ndiye aliyemsimamisha, kwa kuvuta kiti. Na kugeuka pia Mama hajui. Tukifika mwisho wa mtaa tulikuwa tunainyanyua baiskeli na yeye juu yake, tunamwelekeza nyumbani.

Baba alitoka mbio na kandambili moja. Amerudi sasa hivi, anahema, anacheka, maneno hayatoki vizuri. Hakumfikia. Kumbe alimkuta fundi viatu wa kule chini, naye akamwambia:

"Shemeji kapita hapa. Kanisalimia vizuri tu, kaniuliza na hali ya watoto. Ila hakusimama."

Barabara hii haina kona mpaka darajani. Baba anasema tutulie, akichoka atashuka mwenyewe. Anasema hivyo huku ameshatafuta kandambili ya pili.

Nimemwomba anyamaze kidogo nisikilize. Kengele naisikia bado, nyembamba, inakuja na upepo. Si ya mtu anayeita msaada. Inalia kwa madaha, kama ya mtu anayeomba njia.

Na inalia ng'ambo ya daraja, njia ya kwenda zahanati —