Wifi amemlaza Mhina chali

Zamda, nimetolewa nje. Mimi mama mzazi nimetolewa nje kwa kosa la wifi Mwanaidi.

Unajua Mhina bado yuko kwenye mashine ya kupumulia tangu ile ajali, na nimonia ikamwingia humo humo wodini. Jana homa ikaanza kushuka. Nesi akatuambia wote, kichwa kiwe juu muda wote, kitanda kisishushwe, mate na uji anaopewa kwa mpira visije vikamwingia kifuani.

Nimekwenda kuswali adhuhuri. Narudi, mwanangu yuko chali, kanyooshwa, uso umegeuzwa kibla. Chali, Zamda. Na Mwanaidi katulia pembeni anavuta uradi.

"Wifi, nani kashusha kitanda?"

"Mimi. Mtoto wa kaka yangu alale kama yuko kwa kinyozi?"

Ni ile Operesheni Vijiji ya utoto wetu. Mtu anahamishwa kwanza, sababu ataambiwa huko mbele.

Mara mashine inalia, kifua kinakoroma. Nesi akaja mbio, akainua kitanda, akamvuta makohozi, akatugeukia. "Mnataka nimonia ianze upya?"

Mwanaidi ananigeuzia mimi. "Mjane wa mwalimu wa madrasa unakataa kibla?"

Nikamwambia, "Kibla sikatai. Nakataa kumlaza mwanangu kama anayekata roho, na yeye anapigania kupona."

Sasa tuko kwenye benchi nje, wote wawili, hatuingii mpaka kesho. Mimi namwombea mwanangu. Mwanaidi kaniegemea bega, ananiuliza, "Hivi wifi, tumekosa nini?"