Sakafu ya Landrova ya Mama Neema

Jumapili, Ilomba. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba ya Mbeya isiyo na haraka.

Mama Neema ameondoka leo asubuhi na Landrova yake.

Naandika kama vile ni habari za jirani. Ni mke wangu. Tumekubaliana kila mtu akae kwake, na yeye ameenda Iringa, kwa dada yake Mlandege. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna mtu wa pembeni. Tuliishiwa maneno tu.

Gari aliachiwa na baba yake kule Idodi. Limekaa uani kwetu hadi kuku wakalizoea. Aliposema anataka kuondoka nalo, aliniomba nimtengenezee sakafu ya upande wa dereva, maana ilikuwa imeliwa na kutu. Mimi si fundi wa magari, nachomelea mageti na madirisha hapa nyumbani. Lakini chuma ni chuma.

Watu hudhani Landrova haiozi. Mabati mengi ya nje ni alumini, hayo kweli hayashiki kutu. Kinachooza ni chuma cha ndani, pale dereva anapoweka miguu. Nilipobandua zulia la mpira nikakuta fundi fulani wa zamani alijaza puti ya kuzibia matundu, akapaka lami juu. Nikakwangua. Nikaona ardhi.

Nilikata kwa grenda mpaka nikafika kwenye chuma kizima. Ndipo nikaona kwamba hata kile chuma cha chini, kinachoshikilia bodi kwenye chasisi, kimeoza.

Ningeweza kukifunika kwa bati jipya na hakuna ambaye angejua. Nikimwambia, atadhani namchelewesha. Na ukweli ni kwamba sikuchukia kumchelewesha.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikamweleza.

"Baba Neema," alisema bila kuinua macho, "kama hutaki niende, sema. Usisingizie gari."

"Njoo uone mwenyewe."

Alikuja, akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, akachukua bisibisi na kuisukuma pale nilipomwonyesha. Ikazama mpaka kwenye mpini. Kutu ikamwagika kama majani ya chai.

"Kumbe kweli," akasema. "Basi tengeneza. Nitakushikia."

Nikabadilisha kwanza kile chuma cha chini. Akakaza kitenge, akavaa miwani yangu ya akiba ya kuchomelea, akalishika bati kwa koleo. Bati jembamba halitaki kuchomwa mfululizo, litatoboka au litajikunja. Unaweka tone hapa, tone kule, unasubiri lipoe. Katika kusubiri huko tulizungumza. Tuliongea habari za Neema na chuo chake, na jinsi babu yake alivyokuwa akiliendesha gari hili polepole hadi watu wa baiskeli wanampita. Mama Neema alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu.

Sikumwomba abaki. Naye hakuniuliza kama ningependa abaki.

Siku zilizofuata nilisawazisha maungio kwa grenda, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikakauka, nikapaka tena. Kazi nzuri, nasema mwenyewe. Pengine ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kumfanyia.

Leo aliwasha gari, akakanyaga klachi mara kadhaa kuijaribu, akaniambia, "Asante, Baba Neema." Nikamfungulia geti.

Jioni amepiga simu.

"Nimefika. Mvua imeninyeshea kutoka Makambako mpaka Mafinga. Halikuingia hata tone."

"Vizuri," nikasema.

Nilikuwa na mengine ya kusema. Yalikuwa bado yanajipanga simu ilipokatika, sijui ni mtandao au ni yeye. Sijapiga.

Nitapiga asubuhi, nimuulize amelalaje. Sitaki kumrudisha. Nataka tu kuuliza, na safari hii nisubiri jibu.