Bosi ameniagiza niandike saba wa kuondoka

Shikamoo Bi. Editha, mshauri wetu. Naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana ikifika sijapata jibu lako nitakuwa nimeshafanya ninalotaka kufanya, na mpaka sasa sijui kama ni jema au ni ujinga. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nakaa Unyambwa, na kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa pembeni ya mji wa Singida, nilianza kwa kupepeta, nikahamia kwenye kuchuja mafuta, na sasa ni mwaka wa saba mimi ni msimamizi wa wenzangu kumi na tatu, ukinihesabu na mimi tuko kumi na wanne.

Mshauri, wewe hukukiona kiwanda kile enzi za marehemu Mzee Alute aliyekianzisha. Mwezi wa sita ukiingia, mikokoteni ya ng'ombe inajipanga toka getini mpaka barabarani, watu wametoka Mtinko huko na magunia yao, mashine haizimwi, tunapokezana zamu, na ile harufu ya mashudu ya moto inakukaa kwenye nywele hata ukioga haitoki, wanangu wakiwa wadogo walikuwa wanajua mama amerudi kabla sijabisha hodi. Dumu la kwanza la msimu halikuuzwa. Mzee aliagiza viazi vitamu, tunavikaanga palepale uani, tunakula wote na chai, na yeye amekaa juu ya gunia katikati yetu anamtania Scholastika, rafiki yangu niliyeanza naye kazi siku moja, kwamba mpishi gani huyu anaonja mpaka sahani haijai. Nikikumbuka nalia, sikufichi.

Tena kuna mwaka mvua ziligoma, alizeti ikawa hakuna kabisa, na Mzee hakumwondoa mtu, maana tulikwenda wote nyumbani kwake asubuhi tukakaa barazani mpaka akatoka, tukaongea naye mpaka jua likawa kali, mwishowe akasema kila mtu afanye kazi siku tatu alipwe za siku tatu, siku zilizobaki akalime kwake. Tulibana sana mwaka ule lakini msimu uliofuata tulikuwa wote palepale. Watu wa namna yake hawapo tena.

Sasa hivi mambo yamekauka. Mafuta ya nje yamejaa madukani kwa bei ambayo sisi hatuiwezi, tunasikiliza redioni ushuru umepanda au umeshuka kana kwamba tunasikiliza habari za mgonjwa wetu, na wakulima wamechoka kubaki na magunia ndani wamegeukia dengu na vitunguu, hata mume wangu Yeremia ambaye kwa alizeti alikuwa hasikii la mtu, mwaka huu amepanda dengu. Mashine tunaiwasha siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunafagia ghala tulilolifagia jana. Kiwanda kiko chini ya Gabrieli, mtoto wa Mzee, kijana msomi na si mtu mbaya, kila asubuhi ananiamkia shikamoo. Jumatatu aliniita ofisini, akanipa kiti, akanieleza kwamba benki inamkaba na watu kumi na wanne hawawezi tena, wabaki saba. Halafu akaniambia, "Mama Eliana, wewe unawajua kuliko mimi. Niandikie orodha ya saba wa kuondoka, Ijumaa unipe."

Bi. Editha, nimeandika nimefuta, nimeandika nimefuta. Nilijaribu kutafuta nyumba zenye mtu mwingine mwenye kazi nikaona hazipo, kila mmoja wetu ndiye anayetegemewa kwake. Nimefikisha majina sita kwa kujidanganya kwamba hao wanaweza kupata pengine, la saba likanishinda, maana aliyefuata kwa ugeni kazini ni Rebeka, aliyeingia juzijuzi tu, ana mtoto wa miezi mitano na mumewe amerudi toka machimboni mikono mitupu.

Hapo ndipo nikamkumbuka mama yangu. Kwetu watu wakialikana kulima, mwenye shamba anapika, na anayegawa chakula hujipakulia mwisho, kikiisha kabla hajajipakulia ananyamaza, anakunywa maji anarudi kushika jembe, na hakuna anayejua. Basi nimeandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yangu, nimesingizia kwamba mgongo unanisumbua, na jina la saba kwenye orodha ni langu. Barua iko kwenye mkoba. Yeremia hajui, Scholastika hajui, na Eliana wetu wa mwisho bado yuko chuo cha ualimu, sijui nitamwambia nini. Je, nikiitoa nitakuwa nimekosea? Usiniangalie usoni, niambie ukweli.

Mama Eliana, Unyambwa.

*

Marahaba, Mama Eliana. Jibu hili nimekutumia kwenye simu ili likuwahi kabla ya Ijumaa. Gazetini litatoka baadaye, na majina yote nimeyabadilisha. Kwanza, hiyo barua iliyoko kwenye mkoba itoe sasa hivi uitie jikoni. Imeshaungua? Haya, tuongee.

Moyo wako ni mzuri na sitaki uubadilishe. Ila umeupeleka mahali pasipo pake. Mama yako alipokosa chakula shambani kwake, wiki iliyofuata alialikwa kwa jirani naye akala. Wewe ukitoka getini na barua ya hiari, nani atakualika? Umeshasema kwa maandishi yako kwamba hukupunguzwa, umeacha. Kiinua mgongo cha kupunguzwa kazi hukipati. Fao la kukosa ajira kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hulipati, kwa sababu lile ni la aliyeachishwa, si la aliyeacha mwenyewe. Miaka kumi na tisa umeisamehe kwa karatasi moja, na sababu uliyoandika ni ya uongo, maana mgongo hauumi.

Na nitakugombeza zaidi. Umelia kwa ajili ya jina la saba, lakini yale sita umeyapitisha kimyakimya. Hao nao wana watoto. Tena unadhani umemwokoa Rebeka? Mambo yakizidi kuwa mabaya, bosi atamwita msimamizi mwingine amwandikie majina mengine, na wewe utakuwa nyumbani unapepeta dengu za Yeremia.

Kabla sijastaafu nilikaa ofisi ya kazi miaka ishirini na minne, kwa hiyo nisikilize. Anayetaka kupunguza wafanyakazi sheria inamtaka awaambie mapema, aeleze hali ilivyo, kisha akae nao wajadiliane kama kuna njia ya kuepuka, na kama haipo, watu watachaguliwa kwa kipimo gani. Hiyo ni kazi yake mwenye kiwanda. Gabrieli amekutwisha wewe kwa sababu anaona aibu kuwatazama watu waliomlea uani kwa baba yake. Shikamoo yake tumeipokea, lakini orodha si yako, usiiandike.

Sasa nije kwa Mzee Alute. Mimi ni mtu wa Kilimatinde, kiwanda chenu sikukijua, ila barua yako imenifanya nikae kitambo nikikumbuka vya kwetu, na sikuona vibaya. Lakini hebu soma ulichokiandika mwenyewe. Ule mwaka wa ukame mlikwenda wote, mkakaa barazani, mkaongea mpaka jua likawa kali. Hizo siku tatu hazikutoka kwenye huruma ya Mzee peke yake, mlizidai ninyi. Unamlilia marehemu kama vile wema wote alizikwa nao, na wenzako waliokaa naye barazani siku ile unafagia nao ghala kila siku.

Nchi nazo uchumi ukidorora huulizana swali hilihili, tuondoe watu au tupunguze siku. Waliopunguza siku, biashara iliporudi walikuta watu wao wanaojua kazi wapo. Mwambie Gabrieli hivyo. Usimpelekee machozi, benki haipokei machozi, mpelekee sababu inayomfaa yeye. Alizeti ikirudi nani atajua kwa sikio tu kwamba mashine imeanza kusaga vibaya? Nani atayaangalia mafuta na kusema hayajachujwa sawasawa? Akifukuza saba leo, atafundisha wageni saba kesho kwa hasara yake.

Sikuahidi kwamba atakubali. Inawezekana siku mbili za mashine hazitoshi hata kwa nusu ya mishahara. Kama ni hivyo awaonyeshe, mkubaliane kipimo mbele ya wote, na watakaoondoka waondoke na haki zao mkononi. Mkishindwana, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ipo, na afisa kazi wa mkoa yupo. Nendeni huko mapema, msikae mnangoja.

Leo mwambie Yeremia, mume wa miaka yote hiyo hafichwi jambo la namna hii. Kesho mwambie Scholastika, halafu waambie wote, pamoja na wale sita uliowaandika, na uwaombe radhi. Watakasirika, waache wakasirike. Ni afadhali wakukasirikie wewe ukiwa mbele yao kuliko kusikia getini.

Ijumaa usiende ofisini peke yako. Nendeni wote, Rebeka na mtoto wake mgongoni, msipige kelele wala msitukane mtu. Simameni pale uani mlipokuwa mkikaanga viazi. Gabrieli akiita kutoka ndani akuulize orodha iko wapi, mjibu kwa upole, kama mama yake. "Iko hapa nje, mwanangu. Ina watu kumi na wanne. Toka uisome."