Simu Iliyomzoea Bibi

Sostenes, mimi ni fundi! Ile simu ya zahanati inayoandika maneno ya wagonjwa ilikuwa inajua lugha ya redio tu. Nimeilisha maneno ya wagonjwa, leo inajaribiwa, ikifaulu naajiriwa 😎

Weee! 😂😂 Dada Tecla, bosi, kawaleta wakimbizi. Niyonzima kaeleza kichomi chake. Simu ikaandika goti. GOTI!

Akaja Francisca na mafua yake. Goti tena! 🤣

Nikajitetea: "Dada, Kirundi kimewakolea hawa. Jaribu mwenyeji." Nikamvuta bibi yangu kutoka kwenye foleni.

Bibi kaanza: "Goti linaniuma tangu mvua zianze, na mjukuu niliye naye hata maji hachoti." Simu ikaandika yote, hadi mkato! Watu makofi. Mimi nainama kama padri mpya.

Tecla: "Ansbert, maneno haya uliyakusanya kwa wagonjwa gani?"

"Wengi, dada! Kasulo yote, Nyamiaga yote!"

Bibi akanigeukia. "Nyamiaga ipi, baba? Si ulikuwa jikoni kwangu wiki nzima, unakula ndizi na kuandika ninavyolalamika?"

Na simu, Sostenes, ikaliandika hilo nalo. Neno kwa neno 😭😂