Mama mukwe ku écran ya Docteur Gradi

Abigaëlle, acha kazi yote, soma hii 😭😭 Docteur Gradi ameona muguu ya mama mukwe wake. MUGUU. Mpaka ku goti! Mama mwenye anamusalimiaka akigeuza sura, juu ya heshima ya bukwe!

Unamujua Gradi, ule mwenye eko anajifunza kushona mishipa ndogo ya maji ku miguu yenye kuvimba. Leo asubui balimuletea mugonjwa wa kwanza wa caméra ya mupya. Mama moja wa Likasi, kitambaa ya kikwembe ku sura, anasikia haya. Jina yenye kuandikwa ku fiche, Gradi hakuijua. Nani anaitaka mama mukwe wake kwa jina? Ni « Maman » tu!

Balimupiga sindano ya dawa ya kuwakisha mishipa ku vidole ya muguu, balizimisha lampe, mishipa ikawaka ku écran. Gradi furaha! Akakamata marqueur, akachora njia zote ku muguu, na kuimba anaimba.

Lampe ikawaka. Kikwembe ikaanguka: mama mukwe!

« Gradi?! »

Abi, docteur muzima aliingia chini ya meza! Analia kule chini: « Maman, sikuona muguu, niliangalia écran tu! » Na marqueur iko mukononi!!

Mama akarudisha kikwembe ku sura: « Toka huko. Umekwisha kuniona, basi ni wewe utanipasua. Sitapata haya mbele ya bantu babili. »

« Maman, miye sijashona muntu! Ninashonaka mapaja ya kuku tu! »

« Na juu ya kosa ya leo utaniletea kuku. Ya muzima, Gradi. Hapana ile yenye umeshona. »