Maboksi Uliyoyakata kwa Macho

Zaituni mwanangu,

Ni saa nane mchana. Chumba chetu cha seva hapa Kansanga kina joto la tanuri, nami, mwalimu wako wa zamani, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Mitumbwi ya wavuvi wa Ggaba itatoka jua likizama, na utabiri wa upepo wa ziwa bado haujakamilika.

Tulipokuzika niliendelea kuziendesha mashine hizi za utabiri kama ulivyoziacha, kwa kasi kupita ile iliyowekwa na kiwanda. Unajua napenda kueleza, basi nivumilie hata huko uliko. Mashine ikikimbizwa hivyo humaliza hesabu mapema, lakini huchemka, na ikichemka mno hujizima isije ikaungua. Bila kasi hiyo, ujumbe wetu huwafikia wavuvi wakiwa wameshaondoka. Na bila baridi, hakuna kasi.

Siku ya arobaini yako mama yako aliomba kuona mahali ulipokuwa ukishinda. Nikaona aibu. Yale maboksi ya sabuni uliyoyakata na kuyabandika kwenye nafasi tupu za kabati la seva yalikuwa yamechakaa. Nikayabandua yote, kwa heshima yako, nikayapeleka jikoni, wapishi wakayawashia moto wa pilau. Mama yako alipanda ngazi polepole, akaligusa kabati, akasema, "Kumbe mwanangu alifanya kazi mahali pasafi namna hii." Nikafurahi. Mungu anisamehe.

Kuanzia siku ile joto lilipanda. Nimelaumu kiyoyozi. Nimelaumu vumbi. Nimeomba barafu kwa wauza samaki, nikaipanga katika mabeseni mbele ya feni. Chumba kikanuka sangara na joto likabaki palepale. Mwisho nikapunguza kasi. Juzi utabiri ulitoka giza limeshaingia. Ssalongo, yule mvuvi aliyekuwa akikuita binti wa upepo, mtumbwi wake ulipinduka. Aliung'ang'ania mpaka wenzake wakamfikia. Jana alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee, upepo umefika mbele ya mesegi yako."

Leo nilipopiga magoti mbele ya kabati nilihisi hewa ya moto shavuni, upande ule ule unaopaswa kuwa wa baridi. Ilikuwa inatoka nyuma ya mashine na kurudi mbele kupitia nafasi tupu. Ndipo nikakuona tena na mkasi mkononi, ukinicheka: "Mwalimu, hewa ni mvivu kama wanafunzi wako. Ukiiachia njia ya mkato, haiingii kazini." Nami siku ile nilikujibu kwa ukali wa darasani kwamba hewa haina tabia. Mimi, niliyefundisha fizikia mpaka nikastaafu! Maboksi yale ndiyo yaliyoizuia hewa ya moto isirudi, na kuilazimisha ile ya baridi ipite ndani ya mashine. Nilidhani ni uchafu. Nimeyapikia pilau, Zaituni. Pilau ya dua yako.

Sasa nimekata mengine. Wewe ulikata kwa macho tu. Mimi natumia rula na bado yanapwaya. Joto limeanza kushuka, lakini kidogo mno. Nimeirudisha kasi yako. Mashine ya tatu imeshajizima mara moja.

Pumzika, mwanangu. Nakuahidi hili: jua halitazama nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Utabiri ukiwahi, nitautuma. Usipowahi, nitakwenda Ggaba mwenyewe, nisimame mbele ya mitumbwi na suruali yangu ya ualimu ndani ya maji, niwaambie wavuvi neno ambalo hukuwahi kulisikia kinywani mwangu miaka yote uliyoketi darasani kwangu: sijui. Leo sijui. Msitoke.

Mwalimu wako,
Wekesa